Vinara vya Akina Purnell

Lavinia Purnell alikuwa na miaka sabini, na katika miaka hiyo alikuwa ameingia nyumba za matajiri wa Filadelfia kwa mlango wa nyuma mara nyingi kuliko alivyoingia kanisani, na kanisani hakuwa mtoro. Kwa hiyo Alhamisi ile ya Oktoba mwaka 1954, alipofika kwenye duka la vyombo vya fedha la Bwana Ashmead, alipita mlango wa mbele, akakung'uta mwavuli wake pale pale kwenye zulia, akaweka risiti juu ya kaunta ya kioo na kuigonga kwa kidole.

"Nimefuata vinara vyangu."

Nyuma yake alisimama Ernestine, binti wa marehemu kaka yake, muuguzi wa miaka ishirini na tisa ambaye keshokutwa, Jumamosi, alikuwa anaolewa na Marcus. Vinara vyenyewe vilikuwa viwili, vya kusimamishia mishumaa mezani, vya fedha halisi ya Kimarekani, na chini ya kila kitako limegongwa neno sterling. Kimoja kilikuwa kimepinda shingo tangu Lavinia alipohama nyumba, naye wiki iliyopita alivileta vyote viwili vinyooshwe na kusafishwa, akalipa kabisa. Hakuna bibi harusi wa ukoo wa Purnell aliyewahi kula chakula chake cha kwanza cha ndoa bila vinara hivyo kuwaka mbele yake, na Lavinia alikuwa ameapa kwamba Ernestine hatakuwa wa kwanza.

Bwana Ashmead aliichukua risiti, akaisoma, akaigeuza na kuisoma upande wa nyuma ambako hakukuwa na kitu.

"Lavinia," akasema, "kuna jambo limetokea."

"Bi Purnell."

"Unasemaje?"

"Ndilo jina langu. Mimi nakuita Bwana Ashmead. Sikuiti Horace, na hilo jina nalijua. Haya, jambo gani?"

Bwana Ashmead akakohoa. Alikuwa mwembamba, na darubini yake ya kukagulia alama ilining'inia shingoni kwa uzi mweusi. Akaeleza huku macho yake yakitazama mwavuli. Juzi Jumanne alikuja Bibi Thornbury, mteja wa duka hili tangu enzi za marehemu baba yake, kuleta buli la chai. Akaviona vinara kwenye benchi la fundi kule nyuma, akashika kifua. Akasema vile ni vinara vya bibi yake, mama wa mama yake, vilivyotoweka nyumbani kwao zamani, na kwamba amekuwa akivitafuta miaka kumi. Tena anao ushahidi. Kwa hiyo yeye Ashmead, bila kumvunjia mtu heshima, ameona avifungie kwenye sefu mpaka mwenye mali ajulikane.

"Mwenye mali si ndiye huyu hapa, na risiti yake?"

"Risiti inaonyesha nani alivileta. Haionyeshi alivitoa wapi."

Neno mwizi halikutamkwa, lakini wote watatu walilisikia. Ernestine akamshika shangazi yake kiwiko.

"Shangazi, twende. Tutarudi na wakili. Binamu wa Marcus ni wakili, anaweza kuandika barua."

"Barua itafika lini?"

"Wiki ijayo labda."

"Na harusi?"

"Tutawasha mishumaa kwenye visahani. Shangazi, ni mishumaa tu jamani."

Lavinia akamtazama binti huyu aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, akaona jinsi alivyobana midomo kama mtu anayemeza dawa chungu. Hakumkasirikia. Watoto wa siku hizi walikuwa wamefundishwa kuondoka mahali kabla hawajafukuzwa, na waliomfundisha hivyo Ernestine ni pamoja na Lavinia mwenyewe. Lakini kuna mafunzo mengine mtu huyajutia baadaye.

Duka lilikuwa na kiti kimoja tu, cha velveti ya kijani, kilichowekwa kando ya kaunta kwa ajili ya mabibi waliochoka kuchagua. Lavinia alikiendea, akaondoa kitabu cha picha kilichokuwa juu yake, akaketi. Akaweka mkoba mapajani.

"Mpigie simu huyo Bibi Thornbury," akasema. "Aje na ushahidi wake aniambie usoni."

"Hicho kiti ni cha..."

"Cha wateja. Nami nimelipa. Mpigie."

"Nitalazimika kuita polisi."

"Waite na hao. Waambie tu waje na viti vyao, maana hapa kimoja, na mimi nimeshakipata. Sina haraka, Bwana Ashmead. Sina mume wa kumpikia wala mtoto wa kunyonyesha."

Kutoka chumba cha nyuma, ambacho mlango wake ulikuwa wazi, mtu akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Alikuwa mzee Kessler, Mjerumani, fundi wa nakshi aliyekaa benchi lile kwa miaka arobaini akichonga herufi za watu kwenye vijiko na vikombe. Ashmead akamgeukia, akamkuta ameinamia kazi. Ikabidi apige simu.

Walingoja karibu saa nzima. Wateja wawili waliingia, wakamwona mwanamke mweusi ameketi kwenye kiti cha kijani kama yuko barazani kwake, wakakumbuka kwamba wana shughuli kwingine. Kila mlango ulipofungwa Bwana Ashmead alizidi kuwa mwekundu. Ernestine alisimama dirishani akijifanya anatazama mvua. Lavinia yeye alikuwa anawaza juu ya babu yake.

Babu Cyrus Purnell alikuwa mwandaa karamu, wakati ambapo karamu ya maana katika mji huu haikuandaliwa ila na watu weusi, nao walikuwa wachache na kazi yao waliijua. Ukimwita Purnell, hukuwa na haja ya kununua hata chumvi. Alikuja na kasa wa kupikia supu, chaza wake, kroketi zake za kuku, aiskrimu yake, vitambaa vyake vya meza, sahani zake, na vinara vyake kumi na viwili vya fedha alivyovinunua vipya mwaka 1871 baada ya kujinyima miaka sita. Karamu ikiisha vyote vinaoshwa, vinahesabiwa, vinapakiwa kwenye vikapu na kurudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Baba yake Lavinia, Josiah, akarithi kazi hiyo, na Lavinia akaingia jikoni akiwa na miaka kumi na miwili. Halafu ikaja miaka ya dhiki, matajiri wenyewe wakaanza kula mayai ya kuchemsha, na vinara kumi vikauzwa kimoja kimoja ili nyumba isiuzwe. Viwili vilibaki kwa sababu Josiah alilala navyo kitandani.

Bibi Thornbury alipoingia, alikuwa na kola ya manyoya na bahasha ya kahawia. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, sauti yake ya upole, na upole wenyewe ulikuwa wa mtu asiyewahi kukatizwa. Alikitazama kiti, akamtazama aliyekikalia, akangoja. Lavinia hakunyanyuka.

"Mimi simtuhumu mtu," akaanza Bibi Thornbury akiwa amesimama. "Nataka hilo lieleweke. Huenda katika familia yako kulikuwa na mtu aliyefanya kazi kwetu. Miaka ile watu wa kazi walikuwa wengi, na mama yangu hakuwa mwangalifu. Vitu huondoka. Nitakulipa kitu kwa kuvitunza vizuri."

"Utanilipa kwa kutunza mali yangu? Ahsante sana. Sijawahi kupata mshahara huo."

"Shangazi," akanong'ona Ernestine.

"Niache, mwanangu. Bibi anasema ana ushahidi. Hebu tuuone."

Ushahidi ulikuwa picha. Bibi Thornbury aliitoa kwenye bahasha na kuilaza juu ya kaunta, naye Bwana Ashmead akaleta vinara kutoka kwenye sefu na kuvisimamisha pembeni. Lavinia akalazimika kusimama ili aone, lakini aliuacha mkoba wake kitini, ili pasiwe na utata kuhusu kiti.

Ilikuwa picha ya karamu. Meza ndefu, watu thelathini hivi, wanaume wamekaza shingo ndani ya kola ngumu, na katikati ameketi bibi kizee mwenye lulu. Juu ya meza, kutoka mwanzo hadi mwisho, vinara kumi na viwili vimesimama vikiwaka. Shina lenye mistari kama bua la mtama, kitako cha mviringo, na kwenye kitako ngao ndogo iliyozungukwa na majani ya zabibu. Hakuhitaji darubini ya mtu. Vilikuwa vyenyewe.

"Nyuma ameandika mama yangu," akasema Bibi Thornbury, na akaigeuza. "'Miaka sitini ya Mama, Aprili 1907, na fedha zake zote mezani.' Na huyu mtoto mwenye utepe ni mimi. Nilikuwa na miaka saba. Navikumbuka vinara hivi kama ninavyoikumbuka sura ya bibi yangu."

Hakuwa anadanganya. Lavinia alilitambua hilo mara moja, na ndilo lililomuuma zaidi. Mwongo unaweza kumkamata, njia yake ni fupi. Huyu aliamini kabisa. Alikuwa amekua akiamini kwamba kila kilichong'aa mbele yake siku ile kilikuwa chao.

Akairudia picha. Ukingoni kabisa mwa upande wa kulia, karibu na mlango wa kwenda jikoni, kulikuwa na mkono tu, mkono wenye glavu nyeupe umeshika sinia. Mpiga picha alikuwa ameukata mwili wote na kuuacha nje. Lakini kidole kidogo cha glavu ile kilikuwa kimeinama kando, na Lavinia alikijua kidole hicho. Baba yake alikivunja kwa kufungua pipa la chaza. Akakigusa kwa ncha ya kidole chake.

"Karamu hii niliiandaa mimi," akasema. "Mimi na baba yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Vinara ni vyetu, sahani ni zetu, na kitambaa cha meza ni chetu. Bibi yako alitukodi."

Bibi Thornbury akatabasamu kidogo, kwa huruma. "Bibi yangu hakuwa mtu wa kukodi vyombo."

"Geuza kinara, Bwana Ashmead. Chini, kwenye ukingo wa kitako, kuna mikwaruzo miwili ya tupa. Babu yangu aliikata kwenye kila chombo chetu, ili wakati wa kuosha visichanganyike na vya mwenye nyumba."

Ashmead akageuza, akaweka darubini jichoni. "Ipo," akakubali. "Lakini mikwaruzo miwili, Lavinia... Bi Purnell... mtu yeyote mwenye tupa anaweza kuikata. Hata jana."

"Wewe unaona ni ya jana?"

"Siwezi kuapa."

Ernestine akafumba macho. Bwana Ashmead akaanza kuvisogeza vinara upande wa Bibi Thornbury, polepole, inchi moja moja, kama mtu anayedhani haonekani. Na Bibi Thornbury, kwa kuwa alijiona ameshinda na alitaka kushinda kwa ukarimu, akaendelea kusema.

"Ungekuja nyumbani ungeelewa. Tuna fedha zote za bibi, sinia, birika, vijiko dazeni nne. Hata kijiko cha chumvi kina herufi zake. E, R, M. Za kabla hajaolewa, kama desturi, maana fedha ni mali ya bibi harusi. Mama alikuwa akisema bibi angechonga herufi zake hata kwenye mkate kama..."

"Subiri," akasema Lavinia.

Alisema kwa sauti ambayo zamani ilisimamisha wahudumu ishirini jikoni. Hata Ashmead aliachia kinara.

"Sema tena. Kila kitu kina herufi?"

"Kila kitu."

"Hata kijiko cha chumvi."

"Nimeshasema."

Lavinia akanyoosha mkono, akakivuta kinara kimoja mbele ya macho ya Bibi Thornbury na kuweka ukucha juu ya ile ngao ndogo kwenye kitako. "Mwenye macho haambiwi tazama, lakini leo nitakwambia. Tazama. Hapa ndipo pa kuweka herufi. Fundi aliyekitengeneza aliacha mahali makusudi. Ziko wapi E, R, M? Mwanamke aliyechonga jina lake mpaka kwenye kijiko cha chumvi, alikuwa na vinara kumi na viwili vya kuwekwa katikati ya meza watu wote wavione, akaviacha uchi?"

Bibi Thornbury akainama. Ngao ilikuwa tupu na laini kama paji la uso la mtoto.

"Zimefutika," akasema. "Miaka hamsini ya kusuguliwa. Fedha hulika."

"Au zimesuguliwa makusudi," akaongeza Ashmead, halafu akaona uso wa Lavinia akatamani asingeongeza.

"Mna fundi wa herufi hapa dukani," akasema Lavinia. "Mwiteni."

Hakuitwa. Mzee Kessler alikuwa ameshasimama mlangoni, akipangusa vidole kwa aproni. Alikuja kaunta bila kumtazama tajiri wake, akakichukua kinara, akakisogeza karibu na midomo na kukihemea, haa, kama mtu anayesafisha miwani. Ukungu ukafunika ngao. Akakigeuza kwenye mwanga, akangoja ukungu upotee. Akafanya hivyo mara ya pili, kisha akafanya kwa kinara cha pili.

"Herufi ikifutwa, kivuli chake hubaki," akasema. Kiingereza hakikuwahi kumkaa vizuri mdomoni. Alisema kwa mkato kama anayelipia kila neno. "Pumzi hukionyesha. Hata ikifutwa miaka mia. Hapa hakuna. Hapajawahi kuchongwa kitu."

"Una hakika, Kessler?" akauliza Ashmead.

"Wewe umeniajiri kwa nini?"

Mvua ilikuwa inapiga kwenye turubai la mbele. Lavinia akasikia sauti ya babu yake kama yuko nyuma ya bega lake, siku ile alipomuuliza, akiwa mtoto wa miaka minane anayesugua ngao hiyo hiyo kwa chokaa na kitambaa: Babu, mbona vyetu havina jina? Babu Cyrus akacheka na kumwambia, vikiwa na jina letu, nani atavitaka mezani kwake? Mtu akilipia karamu, mwache aone kila kitu ni chake. Ndiyo biashara hiyo.

"Babu yangu aliviacha bila jina makusudi," akasema Lavinia. "Ili kila nyumba tuliyoingia, mwenye nyumba aketi aone ni vyake. Na mmeona kweli. Mmeona mpaka mkaamini, mpaka mkatungiana hadithi nyuma ya picha, 'fedha zake zote mezani.' Sisi kwetu tuna msemo, nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini ninyi mliivaa mkasahau kuirudisha."

"Huna sababu ya kunitukana," akasema Bibi Thornbury. Shingo yake ilikuwa na mabaka mekundu juu ya manyoya.

"Umekuja kuniita mwizi kwa sauti ya upole, hilo si tusi? Nikukumbushe siku yenyewe, basi, kwa kuwa unaikumbuka. Ulikuwa na gauni la manjano. Ulikula aiskrimu sahani nne, kwa sababu kila mtu mzima alikupa yake, kisha ukaingia chini ya meza ukatapika kwenye viatu vya askofu. Mama yako alipiga kelele kuita mtu. Mtu aliyekuja ni mimi. Nilikutoa kwa kukuvuta miguu, nikakuosha uso jikoni kwetu kwenye beseni letu, nawe ulinishika shingo ukakataa kuniachia mpaka ukalala. Uliniuliza jina langu."

Macho ya Bibi Thornbury yalimwendea Lavinia usoni, kwa mara ya kwanza tangu aingie, na yakakaa pale.

"Tangawizi," akasema mwishowe, kwa sauti nyingine kabisa. "Ulinipa maji ya tangawizi."

"Nilikupa. Jina langu ulilisahau, lakini vinara ukavikumbuka."

Kama angetaka kumwaga machozi, Lavinia angeyamwaga hapo, na yasingekuwa ya huzuni. Alikuwa na hasira, hasira safi ya miaka mingi, na haikuwa kwa mwanamke huyu peke yake. Alimkasirikia babu yake mpenzi kwa ile akili yake ya biashara. Alimkasirikia mpiga picha aliyeukata mkono wa baba yake. Alijikasirikia mwenyewe, kwa vile miaka hamsini alivisugua vinara hivyo kila Jumamosi na kuiona ngao tupu, akaona ni sawa.

Bwana Ashmead alikuwa tayari anatafuta karatasi ya kufungia. "Nadhani tumeelewana," akasema kwa uchangamfu. "Kosa la kawaida kabisa. Bi Purnell, nitakufungia vizuri, na kusafisha hakuna malipo."

"Nimeshalipa kusafisha. Weka karatasi chini. Bwana Kessler, una kazi mkononi?"

"Buli," akasema Kessler, na akatikisa kichwa upande wa Bibi Thornbury. "Linaweza kungoja."

"Nataka unichongee hizo ngao. Zote mbili. Sasa hivi."

Ashmead akashtuka kwa dhati kuliko alivyoshtuka asubuhi yote. "Bi Purnell, tafadhali. Sikia ushauri wa mtu wa kazi hii. Vinara vya zamani namna hii, vya fedha halisi, ngao haijaguswa, ni adimu. Ukichonga jina leo unaviharibia thamani. Hakuna mnunuzi atakayevitaka."

"Haswa," akasema Lavinia. "Ndicho ninachotaka. Asivitake mtu."

Akarudi kwenye kiti cha kijani, akauchukua mkoba wake na kuketi. Bibi Thornbury alikuwa bado amesimama kando ya kaunta, picha mkononi, kama mtu aliyesahau mlango uko wapi.

"Herufi zipi?" akauliza Kessler. Akageuka kwa Ernestine, kwa kuwa alikuwa amesikia habari ya harusi, na desturi aliijua. "Za bibi harusi? Za kabla ya kuolewa?"

Ernestine akamtazama shangazi yake. Tangu asubuhi alikuwa akisema twende. Sasa akavua glavu zake, moja kisha nyingine, akazitia mfukoni, akaja kusimama kando ya kiti na kuweka mkono juu ya mgongo wake.

"Si herufi," akasema Ernestine. "Jina zima. Purnell."

"Ngao ni ndogo," akasema Kessler. "Jina zima halitatosha ndani yake."

"Basi litoke nje," akasema Lavinia. "Zungusha kitako chote kama ukipenda. Lisomeke na mtu aliyekaa upande wa pili wa meza, hata kama ametoa miwani."

Kessler akakitazama kinara muda mrefu. Kisha akaenda nyuma, akarudi na mto wake wa ngozi, taa, na kalamu yake ya chuma, na badala ya kukaa benchini kwake akapanga kila kitu juu ya kaunta ya kioo, mbele ya duka, mahali ambapo kila apitaye barabarani angeweza kuona. Bwana Ashmead alinyanyua mkono kumzuia, akafikiri, akaushusha. Mzee akapima kwa jicho, akachora kwa penseli, akainamisha kichwa. Ncha ya chuma ikaingia kwenye fedha na uzi mwembamba unaong'aa ukajikunja na kuanguka juu ya kioo.

Herufi ya kwanza ilipokamilika, Bibi Thornbury akasogea. Akaigeuza picha yake uso chini, akaomba kalamu kwa Ashmead, akasimama na kalamu juu ya mwandiko wa mama yake. Lavinia alimtazama. Hakumsaidia wala hakumhimiza. Bibi Thornbury akairudisha kalamu bila kuandika, akaitia picha ndani ya bahasha, akaenda mlangoni.

"Bibi Thornbury," akaita Lavinia.

Akasimama.

"Huo mkono wenye glavu, kwenye ukingo wa picha. Anaitwa Josiah Purnell. Siku utakapopata nguvu ya kuandika, anza na yeye."

Mlango ukafungwa taratibu. Kessler hakunyanyua kichwa. Alikuwa amefika kwenye U. Ernestine akauliza kama wangoje au warudi baadaye, kwa kuwa kazi ingechukua mpaka jioni, na keki ilikuwa haijachukuliwa, na bado kulikuwa na nguo za kupiga pasi.

"Wewe nenda ukachukue keki," akasema Lavinia, akijiegemeza vizuri kwenye velveti. "Mimi nipo. Kila kinara kina L mbili, na nataka nizione zote."